Andika Kinachojibika: Kusoma Kozi ya Mtandaoni kwa Blogu na Majadiliano

Ndugu washiriki, ndugu wawezeshaji, nanyi mnaotusikiliza kupitia skrini zenu, salaam.

Kozi mnayoianza itawapa video, maandiko ya kusoma na majaribio mafupi. Hivyo vyote mtu anaweza kuvimaliza peke yake bila kusemezana na yeyote, na wiki tatu baadaye asikumbuke hata nusu yake. Leo tunazungumzia sehemu ambayo wengi huiona kuwa nyongeza: kuandika kwenye blogu yako kila wiki, kusoma walichoandika wenzako na kujibizana nao. Kwetu sisi hiyo ndiyo kozi yenyewe. Na katika yote tutakayosema, mkilishika hili moja inatosha: andika kitu kinachojibika. Andiko ambalo msomaji hapati pa kulishika humpita tu, hata likiwa limeandikwa vizuri.

Njia hii ina historia. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kozi kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Waliolipa ada walikuwa kama 25. Waliojiunga bure kupitia intaneti walizidi 2,000. Wakufunzi wawili hawawezi kusoma kazi za watu 2,000 kila wiki, kwa hiyo kila mshiriki aliandika kwenye uwanja wake mwenyewe, na programu iliyotengenezwa na Downes ikavikusanya vichwa vya machapisho pamoja na viungo vyake na kuwatumia washiriki jarida la kila siku kwa barua pepe. Watu wakasomana. Dave Cormier ndiye aliyezipa kozi za aina hiyo jina la MOOC, yaani kozi huria za mtandaoni zinazobeba umati. Miaka mitatu baadaye, 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha akili mnemba kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watu wapatao 160,000, safari hii kwa video na majaribio yanayosahihishwa na kompyuta. Waliofika mwisho walizidi 20,000 kidogo.

Kozi nyingi za leo zimechanganya njia hizo mbili, na ni vizuri mjue kila moja inafanya nini. Kompyuta itakuambia umechagua jibu sahihi hata kama umelichagua kwa sababu potofu. Haiioni sababu, inaiona herufi uliyobofya. Mwenzako akisoma aya yako ataiona sababu, na hapo ndipo kosa linapofichuka.

Kuandika nako kuna kazi yake kabla hata hajatokea msomaji. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi waliopewa vifungu vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu tena, jingine likakifunika na kuandika kila lililokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele: asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, walioandika kwa kukumbuka asilimia 56. Ndiyo maana kurudia video mara ya pili kunampa mtu faraja ya uongo. Linalofahamika machoni huonekana kama linalojulikana, mpaka siku utakapotakiwa kulieleza.

Sasa tuingie kwenye kazi. Chapisho la wiki liwe na maneno 300 hadi 500. Likipungua sana halina nyama. Likizidi 700, wenzako wenye kazi na familia wataliahirisha, na kilichoahirishwa kwenye kozi ya mtandaoni kwa kawaida hakisomwi tena. Anza hivi: ukimaliza video au somo, funga kila kitu, vikiwemo vidokezo vyako. Weka saa dakika 10. Andika wazo kuu kama unamwandikia mtu mwerevu asiyeisoma kozi hiyo. Usisimame kutafuta neno zuri. Pale unapokwama, acha mabano matupu uendelee. Dakika zikiisha, fungua somo ulinganishe. Yale mabano matupu, na zile sehemu ulizoandika kwa uhakika kumbe umekosea, ndiyo mali ya wiki hiyo. Wengi huyafuta wakayajaza kutoka kwenye somo ili chapisho lionekane safi. Msiyafute. Chagueni moja mlijenge kuwa chapisho.

Kwa hiyo chapisho linalojibika lina vitu vitatu: wazo kwa maneno yako, mahali mahususi ulipokwama pakiwa na mfano, na swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa mistari mitano hadi kumi. Swali la "Je, wenzangu mnaonaje?" halijibiki. Halimwonyeshi msomaji aanzie wapi, naye ana machapisho mengine ishirini ya kusoma. Swali la "Kwa nini elimu ni muhimu?" halijibiki pia, kwa kuwa lina majibu elfu na hakuna hata moja litakalokuonyesha ulipokosea.

Tuchukue mfano tuutazame kwa utulivu. Tuseme kozi ni ya takwimu za mwanzo, na wiki hiyo mmefundishwa wastani na namba ya kati, yaani ile inayokaa katikati namba zikipangwa kwa ukubwa. Mshiriki wa kwanza anaandika: "Nimejifunza wastani na namba ya kati. Zote ni njia za kueleza data. Somo lilikuwa zuri sana." Hapo utapata pongezi mbili, basi. Wa pili anaandika: "Nina namba tano: 2, 3, 3, 4 na 38. Jumla ni 50, kwa hiyo wastani ni 10. Lakini namba nne kati ya tano hazifiki hata 5. Namba ya kati ni 3, na inaelekea kusema ukweli zaidi. Basi wastani tunauhifadhi wa nini?" Huyu ameonyesha hesabu yake, ameonyesha kinachomsumbua, na ameuliza swali lenye mlango.

Anayemjibu anaweza kuanza na kile mwenzake alichokiona. Ondoa 38, namba zibaki nne: wastani unaporomoka kutoka 10 hadi 3, lakini namba ya kati inabaki 3. Namba ya kati haijatikiswa. Kisha anaongeza kitu kipya: "Chukulia kwamba hizo ni kilo za mizigo mitano ya kupakia kwenye gari. Ukijua wastani ni 10 na mizigo ni 5, unapata kilo 50, na unajua kama gari litabeba. Ukitumia namba ya kati utapata 15, na gari litazidiwa." Mtu wa tatu anaingia: kumbe swali la kwanza ni kama tunataka kujua mzigo wa kawaida au jumla ya mizigo. Ndani ya majibu matatu, watu wasiofahamiana wameifikia tofauti ambayo video huenda iliitaja kwa sentensi moja isiyomwingia mtu. Kilichoyawezesha yote ni zile namba tano zilizowekwa wazi. Bila namba, mazungumzo yangeishia kwenye "ni kweli kabisa".

Sisi tunaamini ustadi wa kujibu unastahili muda mwingi kuliko wa kuandika, na ndio unaofundishwa kidogo zaidi. Kwa wiki, majibu matatu yanatosha, kila moja la maneno 80 hadi 150. Jibu linaanza kwa kunukuu sentensi ile hasa unayoijibu, ili mwenye chapisho asikisie. Linafuata jambo unaloliongeza: mfano unaounga mkono, mfano unaopinga, hatua aliyoiruka, au mahali kwenye somo panapohusika, ukitaja dakika ya video au ukurasa. Kisha umwachie pa kuendelea. Pongezi si dhambi, ila zisisimame peke yake. "Hongera, kazi nzuri" inamfurahisha mtu kwa sekunde chache na kuufunga mlango, kwa sababu hakuna awezalo kujibu isipokuwa "asante". Ukitaka kumsifu, msifu kwa kitu: "Mfano wako wa namba tano umenionyesha kwamba thamani moja tu inatosha kuvuta wastani." Hapo amejua alichokifanya vizuri, na atakirudia.

Nani wa kumjibu? Tunashauri mgao huu. Jibu moja liende kwa chapisho lisilo na maoni hata moja. La pili liende kwa mtu mnayetofautiana. La tatu umrudie mtu mliyekwisha kujibizana naye, ili mazungumzo yapate wiki ya pili na ya tatu. Lile jibu la kwanza msilione kama wema tu. Mtu anayeandika wiki mbili mfululizo bila kujibiwa kwa kawaida haandiki wiki ya tatu, na akiondoka anaondoka na majibu ambayo angekupa wewe wiki ya tano.

Muda wa kuchapisha nao unaamua mengi. Kama wiki ya kozi inaanza Jumatatu, chapisha kabla ya Jumatano kwisha. Majadiliano yanahitaji siku: mtu asome, alale nalo, ajibu, wewe urudi, yeye arudi. Chapisho la Jumapili usiku linatimiza sharti la kozi lakini halipati msomaji, maana asubuhi yake watu wote wamehamia mada nyingine. Wanaolalamika kwamba hawajibiwi, mara nyingi wanachapisha saa chache kabla ya muda kufungwa. Ni heri rasimu yenye kasoro Jumatano kuliko makala iliyong'arishwa Jumapili.

Na saa zenyewe zigaweni kabla hazijagawanywa na mambo mengine. Kozi ikisema inahitaji saa 4 kwa wiki, tumia saa moja na nusu kwa video na kusoma, saa moja kuandika, saa moja kusoma wenzako na kuwajibu, na nusu saa iliyobaki kurudi kwenye chapisho lako kuwajibu waliokujibu. Hiyo nusu saa ya mwisho ndiyo hukatwa kwanza, na kukatwa kwake kuna gharama kubwa: mtu aliyejitahidi kukujibu akaona kimya hatarudi. Wengi huteketeza saa zote nne kwenye video kwa kuisimamisha na kuandika kila neno. Wakifika mwisho wana daftari lililojaa na swali hata moja hawana.

Upande wa mitambo hauna mengi, ila makosa yake ni yaleyale kila kozi. Fungueni blogu kabla ya wiki ya kwanza, wakati hakuna presha. Iwe na jina, ukurasa mfupi wa kujitambulisha wenye sentensi tano (unasoma nini, kwa nini, unajua nini tayari, unataka kutoka na nini, ungependa kuitwaje), na sehemu ya maoni iliyo wazi. Jaribuni sehemu hiyo kwa kutoka kwenye akaunti yenu na kuweka maoni kama mgeni. Blogu nyingi huwa zimewekwa maoni yasionekane mpaka mwenyewe ayaidhinishe, na mwenyewe hajui. Anakaa akidhani hajajibiwa, kumbe majibu manne yamejipanga foleni ndani. Washeni pia taarifa za barua pepe kwa kila maoni mapya.

Kama kozi inakusanya machapisho kwa lebo, andikeni lebo ile herufi kwa herufi kama ilivyotolewa. Kistari kikiongezwa au namba moja ikiachwa, mashine haikisii ulichokusudia. Chapisho halifiki kwenye ukurasa wa pamoja. Kama inakusanya kwa RSS, yaani mfumo unaotuma machapisho mapya ya blogu moja kwa moja kwa anayeyafuatilia, tumeni anwani ya RSS ya kategoria ya kozi peke yake, siyo ya blogu nzima, la sivyo washiriki watapokea pia yale mengine yote mnayoyaandika. Baada ya chapisho la kwanza, nendeni wenyewe kwenye ukurasa wa pamoja mwangalie kama limeonekana. Likikosekana baada ya siku moja, mwandikieni mwezeshaji siku hiyohiyo.

Andikeni kwanza kwenye faili la kwenye kompyuta au simu, ndipo mnakili na kubandika. Kurasa za kozi humtoa mtu aliyekaa muda mrefu bila kubofya, na anapobofya "tuma" anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia huku maandishi yake yamepotea. Kuandika upya aya tano kwa hasira hakuzai aya nzuri.

Kuna washiriki wanaosoma tu bila kuandika. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni kama asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 hubeba sehemu kubwa ya michango. Kusoma kimya si uvivu. Mtu hujifunza hali ya hewa ya mahali kabla ya kufungua kinywa. Shida ni kimya kisicho na mwisho, kwa kuwa kadiri wiki zinavyopita ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kusema neno la kwanza. Jiwekeeni ngazi: wiki ya kwanza soma na ujitambulishe, wiki ya pili jibu mtu mmoja, wiki ya tatu chapisha, hata maneno 150. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema, na kwenye kozi ya maandishi kuuliza ni kuandika.

Kisha kuna kuchelewa, ambako kunaua ushiriki kuliko ugumu wa somo. Mtu anakosa wiki mbili kwa ugonjwa au kazi. Anarudi, kozi iko wiki ya nne, naye kwa nia njema anaanzia wiki ya pili ili afuate utaratibu. Anaandika kuhusu wiki ya pili kwa watu walio wiki ya nne, hakuna anayemsoma, anamaliza ya pili wakati wenzake wako ya tano, baada ya hapo anapotea. Ukichelewa, ruka. Ingia wiki waliyopo wenzako, hata kama unaelewa nusu, na useme wazi kwenye chapisho kwamba wiki mbili zimekupita na ungependa mtu akuonyeshe ni nini cha lazima kutoka huko. Hilo ni swali linalojibika vizuri sana, na anayelijibu ananufaika kwa kufupisha alichokisoma. Mapengo mtayaziba baadaye, peke yenu. Kazi zenye alama na tarehe ya mwisho ni habari nyingine: hizo ulizeni mapema kama muda unaongezwa.

Kupingana kunahitaji mkono mwepesi. Maandishi hayana sauti wala uso; sentensi uliyoiandika ukitabasamu husomwa kama karipio. Kabla ya kupinga, eleza hoja ya mwenzako kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali, kisha onyesha sentensi ambayo hukubaliani nayo, kisha toa sababu. Lenga sentensi, usimlenge mtu: "Hatua ya pili inachukulia kwamba namba zote ziko karibu karibu" inamwachia nafasi ya kutazama; "hujaelewa somo" inamlazimisha kujitetea. Jibu lililokuchoma usilijibu siku hiyo. Na ukigundua umekosea, usilifute chapisho. Ongeza mstari chini yake: "Nimerekebisha baada ya maelezo ya mwenzangu," ueleze kilichobadilika. Ukifuta, majibu ya wenzako yanabaki yakining'inia, na anayekuja nyuma yenu hawezi kuona mtu alitokaje kwenye kosa.

Kuhusu lugha. Kozi nyingi ziko kwa Kiingereza, na washiriki wengi hunyamaza kwa kuogopa sarufi. Andikeni rasimu ya kwanza kwa Kiswahili. Mtu anaweza kulirudia neno la kitaalamu la kigeni mara kumi bila kulielewa, kwa sababu linajibeba lenyewe kwenye sentensi. Akijaribu kulieleza kwa Kiswahili, lazima aseme kitu hicho kinafanya nini, na hapo atajua kama anajua. Ukihamia Kiingereza baada ya hapo, tumia sentensi fupi. Wasomaji kutoka nchi nyingine nao wengi wanajifunza lugha hiyohiyo na watakushukuru. Kama mko watano au zaidi mnaozungumza Kiswahili, ombeni uzi wenu wa majadiliano, kisha mmoja wenu apeleke muhtasari kwenye uzi mkuu kila wiki.

Programu za akili mnemba zitakushawishi ziandike chapisho lako. Zitaliandika, na litasomeka. Lakini kazi yote tuliyoieleza, ya kukumbuka, kukwama na kuona pengo, itakuwa haijafanyika kichwani mwako, na atakayekujibu atakuwa anarekebisha mawazo ambayo hukuwa nayo. Andika mwenyewe kwanza. Baadaye, kozi ikiruhusu, ipe programu rasimu yako uiulize ni hatua gani umeiruka, kisha uhakikishe inachosema kwa kurudi kwenye somo, maana nayo hukosea kwa sauti ya uhakika.

Blogu iko hadharani, kwa hiyo zingatieni mipaka. Msiweke majina ya wagonjwa, wanafunzi, wateja au wafanyakazi wenzenu, wala picha zao. Kubadilisha jina hakutoshi kama kisa chenyewe kinamtambulisha mtu. Mnaweza kutumia jina la kalamu, mradi mwezeshaji ajue ni nani. Msichapishe majibu ya majaribio yenye alama. Jadilini wazo lililo nyuma ya swali. Slaidi za mkufunzi ni mali yake mpaka leseni iseme vinginevyo: nukuu mistari michache, taja chanzo, weka kiungo. Vilivyotolewa kwa leseni za Creative Commons vina masharti yaliyoandikwa, na karibu zote zinataka umtaje mwenye kazi. Maneno ya mwenzako kwenye majadiliano yaliyofungwa kwa washiriki tu hayahamishwi kwenye blogu ya wazi bila idhini yake.

Mtakapotakiwa kupimana kazi kwa alama, someni mwongozo wa upimaji mara mbili kabla ya kufungua kazi ya mtu, na kila alama mnayopunguza iambatane na sentensi ya kazi hiyo na kipengele cha mwongozo. Kosa la kawaida ni kumpa kila mtu alama zote kwa huruma. Anayepokea 10 kwa 10 bila maelezo hajapewa chochote.

Neno kwa wawezeshaji. Watafiti Garrison, Anderson na Archer walieleza mwaka 2000 kwamba majadiliano ya masomo kwa kompyuta yanahitaji aina tatu za uwepo: wa kijamii, wa kufikiri, na wa kufundisha. Uwepo wa kufundisha ukizidi, ule wa kufikiri unasinyaa. Mwezeshaji anayejibu kila swali ndani ya dakika tano anawafundisha washiriki kumsubiri yeye. Subirini saa 24, isipokuwa kama swali ni la mitambo, tarehe au upotoshaji wa hatari. Baada ya siku hiyo, yaliyobaki bila jibu ni yenu. Wagaweni washiriki katika vikundi vya watu 6 hadi 8: wakiwa watatu, mmoja akiugua mazungumzo yamekufa, wakiwa thelathini, kila mmoja anadhani mwingine atajibu. Na kila mwisho wa wiki andikeni muhtasari wa maneno 200, mkitaja kwa jina swali la nani lilizaa nini. Watu huandika zaidi pale wanapoona maandishi yao yalifika mahali.

La mwisho ni la siku za kufunga kozi, na linahusu kitu ambacho wengi hukikumbuka wakiwa wamechelewa. Machapisho yako yako kwenye blogu yako, lakini majibu uliyowaandikia wenzako hayako kwako. Yametawanyika kwenye blogu zao na kwenye jukwaa la kozi, ambalo aghalabu hufungwa wiki chache baada ya cheti kutolewa. Na hata huduma kubwa hufungwa: Google Reader, ambayo watu wengi waliitegemea kusomea blogu kwa RSS, ilizimwa Julai 2013. Wiki moja kabla ya mwisho, pitieni nyuzi zote mlizoshiriki, mnakili kila jibu lenu pamoja na sentensi mliyokuwa mkiijibu na tarehe yake, mziweke kwenye faili moja. Pakueni pia nakala nzima ya blogu kupitia sehemu ya mipangilio, mwihifadhi mahali pawili. Kama kuna mwenzenu mliyejibizana vizuri, mwombeni njia ya kuwasiliana kabla jukwaa halijafungwa. Ujumbe wa ndani ya kozi hufungwa pamoja nalo.

Asanteni. Tupokee maswali.